Wokovu Katika Nchi ya Mvua Moja

Singida haina vuli na masika. Ina mvua moja. Huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, hukatika mwezi wa Aprili, na katikati yake, hasa Februari, huweza kusimama wiki mbili tatu huku mtama ukinyauka shambani. Mkulima wa Iramba, Mkalama au Ikungi aliyekwisha kupanda uwele au alizeti hana bomba la kufungua, wala hana msimu wa pili wa kujaribu tena. Ametayarisha shamba, amelima, amepanda. Lililobaki haliko mikononi mwake, na analijua hilo kuliko yeyote anayekaa mjini na kununua unga dukani.

Si ajabu basi kwamba makanisani huku mbegu huletwa kuombewa kabla hazijaingia ardhini, na mazao huletwa tena yakishavunwa. Majirani Waislamu nao, mvua ikichelewa, hutoka uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua. Sikukuu ya mavuno ya Wakristo ina raha yake. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa husimama nje na kuanza mnada. Kuku hutajiwa bei, debe la mahindi hutajiwa bei. Aliyemshinda mwenzake humrudisha yule kuku auzwe upya, na hadi watu watawanyike jogoo mmoja huwa ameuzwa mara tatu na bado yu hai.

Hapo hapo ndipo penye mtego. Mtu aliyeleta mbegu, akapata mvua, akaleta jogoo, anaweza kuanza kupiga hesabu za dukani: mimi nimetoa, Mungu amelipa. Mwaka mvua ikikataa, hesabu hizo humgeukia. Nimekosea wapi? Nani kaniroga? Mafundisho ya Kikristo juu ya wokovu huanza kwa kuzifuta hesabu hizo, na hilo ndilo gumu lake, maana binadamu anapenda kudai kuliko kuomba.

Injili ya Luka, sura ya 18, inasimulia habari ya wanaume wawili waliopanda hekaluni kusali. Mmoja ni Farisayo, mtu wa dini aliyenyooka: anafunga mara mbili kwa wiki, anatoa zaka ya kila anachopata, na anamshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Wa pili ni mtoza ushuru, kazi iliyochukiwa kwa sababu aliwakusanyia Warumi kodi na kujiongezea chake. Huyu anasimama mbali, hathubutu hata kuinua macho, na ombi lake ni moja tu, rehema. Yesu anasema ni huyu wa pili aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki. Bila shaka waliomsikia mara ya kwanza walikasirika. Siku hizi mfano umezoeleka mno, kiasi kwamba wasikilizaji wengi hutoka kanisani wakimshukuru Mungu kwamba wao si kama yule Farisayo, na kwa hiyo huishia kusali sala yake bila kujua.

Miaka 500 iliyopita mtawa wa Kijerumani, Martin Luther, aliishi ndani ya hofu ya hesabu hizo. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi kwa saa nyingi hadi padri aliyemuungamisha akachoka, na amani hakuipata, kwani kila alipoimaliza orodha alikumbuka dhambi nyingine. Aliposoma Waraka wa Paulo kwa Warumi ndipo alipoelewa kwamba haki mbele za Mungu hupokewa, haitengenezwi, na kwamba mwenye kuipokea hufika mikono mitupu. Hoja zake 95 za mwaka 1517 zilishambulia biashara ya vyeti vya msamaha. Mwaka 1530 imani hiyo iliandikwa katika Ungamo la Augsburg, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, linalishika hadi leo.

Mafundisho hayo yalifika Iramba mwaka 1911, Misheni ya Leipzig ilipofungua kituo Ruruma. Hayakukuta watu wasio na dini. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu walimjua Muumba, walimhusisha na jua, waliwakumbuka wazee waliotangulia, na Wanyisanzu walikuwa na watemi wa mvua ambao matambiko yao yameelezwa kwa kirefu na mwanaanthropolojia Todd Sanders. Kumwambia mtu wa huku kwamba mvua hutoka juu haikuwa habari. Habari ilikuwa kwamba aliye juu amekwisha kumkubali mtu kabla hajaleta chochote.

Habari hiyo ilijaribiwa mapema. Mwaka 1914 Wazungu walianza kupigana wao kwa wao, na Tanganyika ikawa uwanja wa vita. Kusini, katika nchi ya Wagogo inayoingia hadi Manyoni, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba iliua watu 30,000 kati ya 150,000. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig nao wakaondolewa nchini kwa kuwa ni raia wa taifa lililoshindwa. Waumini wachache wa Iramba wakabaki na imani ya miaka tisa, bila wale walioileta.

Hawakutawanyika. Katikati ya miaka ya 1920 Kanisa la Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Uswidi, lilipokabidhiwa eneo la Iramba na Unyaturu, lilikuta moto haujazimika. Kazi iliyofuata ni ya kawaida katika historia ya misheni: shule, zahanati, hospitali za Kiomboi na Iambi, chuo cha ualimu Kinampanda. Mmoja wa watu wa Augustana, Howard Olson, alijifunza Kinyaturu kwa undani hadi akachapisha uchambuzi wa sarufi yake mwaka 1964, na baadaye akawa mashuhuri kwa kuzikusanya nyimbo za kanisa zenye mahadhi ya Kitanzania. Asiyejua lugha ya watu hawezi kujua wanaogopa nini.

Na Singida kulikuwa na la kuogopa. Miaka ya 1920, na tena kati ya 1946 na 1948, wanavijiji wa Unyaturu walikutwa wamekufa, miili imeraruliwa kama kwa makucha. Wengine walisema ni simba. Wengi walisema ni watu-simba: ama wachawi waliojigeuza wanyama, ama vijana waliofichwa, wakavishwa ngozi na kukodishwa kuua kwa malipo. Serikali ya kikoloni ilipeleka askari, watu wakakamatwa, kesi zikafika mahakamani, na wataalamu waliendelea kubishana miaka mingi baadaye juu ya kilichotokea hasa. Harold Schneider, aliyewachunguza Wanyaturu kwa muda mrefu, aliandika makala nzima mwaka 1962 kulitazama upya suala hilo.

Ukweli wa mauaji uwe wowote ule, hofu yenyewe ilikuwa halisi na ilikuwa na bei. Mwenye ugomvi wa shamba alimtazama jirani kwa jicho jingine. Mwenye hofu alitafuta kinga, na kinga haikutolewa bure. Kila hofu huzaa mtu wa katikati, yule anayejua dawa, anayejua nani kakuroga na anayejua ulipe nini. Kumtegemea Mungu kwa unyenyekevu, jinsi makanisa ya Singida yalivyolihubiri jambo hilo, kunamfukuza mtu huyo wa katikati kazini. Aliyekwisha kujikabidhi kwa Mungu hana sababu ya kulipia ulinzi mahali pengine. Walokole wa Afrika Mashariki, tangu uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walilijua hilo. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akataja dhambi zake waziwazi, akarudisha alichoiba, na akakaa chini akiwa mwepesi. Siri aliyokuwa akiilinda kwa gharama ilikuwa haina tena wa kuinunua.

Hata hivyo, je, anayemtegemea Mungu hulindwa kweli? Swali hili lina jibu la haraka ambalo wahubiri wengi hulipenda, nalo si la kuaminika. Kisa cha meli ya Zamzam kinafaa kusimuliwa hapa, kwa kuwa kiliwahusu watu wa Singida moja kwa moja.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na Augustana, kanisa lililokuwa likifanya kazi Iramba na Unyaturu, likatakiwa kusaidia misheni za Kilutheri zilizobaki yatima sehemu nyingine za nchi. Watu hawakutosha. Machi 1941 meli ya Kimisri, Zamzam, iliondoka Marekani ikiwa na abiria zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wamisionari wa madhehebu mbalimbali na familia zao. Ndani yake alikuwemo Lillian Danielson na watoto wake 6. Mumewe, mchungaji Elmer Danielson, ambaye kazi yake Tanganyika ilianza mwaka 1928, alikuwa huku akiwasubiri.

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941, katika Atlantiki ya Kusini, meli ya kivita ya Kijerumani, Atlantis, iliipiga Zamzam kwa mizinga. Baadhi ya mashua za kuokolea zilikuwa zimetobolewa. Zilijaa maji, na akina mama na watoto wakajikuta wanaelea baharini. Walipogundua wameipiga meli ya abiria, Wajerumani wakawaokoa wote. Hakuna aliyekufa majini siku ile, ingawa majeruhi mmoja alifariki baadaye. Mwezi uliofuata abiria walishushwa Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na Wamarekani wakaruhusiwa kurudi kwao. Mmoja wa watoto wale, Eleanor, alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu kuhusu siku hiyo na kuiita muujiza.

Nani atambishia? Lakini mwaka uleule bahari ileile ilimeza meli nyingine zenye akina mama waliosali vilevile. Na Ralph Hult, mmoja wa waliotangulia katika kazi ya Augustana Tanganyika, ambaye naye alikuwa ndani ya Zamzam, alifanikiwa kufika tena Tanganyika na akafariki mwaka 1943. Ikiwa wokovu ni kutoka salama majini, basi wa Hult ulidumu miaka miwili. Wakristo wa zamani hawakuuelewa hivyo. Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya amani ipitayo akili zote akiwa mfungwa, asijue kama atatoka hai, na hakuwaahidi kwamba mambo yatakwenda sawa. Alichowaahidi ni kwamba mioyo yao italindwa mambo yatakapokwenda kombo, jambo ambalo ni tofauti kabisa na lenye faida zaidi kwa mkulima wa mvua moja.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaosahaulika. Kumtegemea Mungu hakukuwafanya watu hawa wakae wakikunja mikono. Mfano bora kuliko wote, pengine, uko nje ya Singida mjini, Makiungu, ambako Masista wa Shirika la Wamisionari wa Tiba wa Maria walianzisha hospitali mwaka 1954.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Marie Martin, alizaliwa Ireland mwaka 1892. Aliuguza askari katika Vita vya Kwanza, akaenda Nigeria mwaka 1921, na huko akaona wanawake wakifa kwa uzazi huku sheria za Kanisa zikiwazuia masista kufanya kazi ya ukunga. Alitaka kuanzisha shirika la masista madaktari na wakunga. Akaugua. Akarudishwa kwao. Akasubiri. Mwaka 1936 Vatican iliondoa kikwazo kile. Yeye akarudi Nigeria, na muda si mrefu akaugua tena vibaya. Tarehe 4 Aprili 1937, katika hospitali ya Port Harcourt, alifunga nadhiri zake akiwa kitandani, mgonjwa mahututi, na shirika likazaliwa hapo. Madaktari hawakutarajia aishi. Alifariki mwaka 1975, masista wake wakiwa wamekwisha kuuguza na kuzalisha Makiungu kwa zaidi ya miaka 20.

Ndani ya kisa hicho hamna shindano kati ya sala na sindano. Mwanamke yule alisali kwa miaka 15 ili masista waruhusiwe kushika vifaa vya ukunga. Ndivyo ilivyo pia Itigi, ambako Wamisionari wa Damu Azizi walifungua Hospitali ya Mtakatifu Gaspari mwaka 1989, na ndivyo ilivyo Kilimatinde, katika Dayosisi ya Kianglikana ya Rift Valley iliyoundwa mwaka 1991 chini ya askofu wa kwanza aliyeitwa Alpha Mohamed, jina ambalo peke yake linasimulia jinsi dini zinavyoishi ndani ya familia moja katika nchi hii. Mgonjwa huombewa asubuhi na kupasuliwa mchana, na hakuna anayeona kuwa imani imepungua.

Mambo yakoje sasa? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 mkoani Singida. Barabara ya lami inapita, simu ziko kila kijiji, na watu-simba wamebaki hadithi ya wazee. Mtu wa katikati, kwa bahati mbaya, hakustaafu. Amebadilisha vazi tu. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa katika uwanja mmoja mjini Moshi wakikanyagana ili wakanyage mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Walikwenda kutafuta uponyaji, kazi, watoto, mambo ambayo kila mtu ana haki ya kumwomba Mungu. Lakini waliambiwa neema iko pale chini, kwenye eneo lenye mipaka, na wa mwisho kufika huenda akaikosa. Neema inayoweza kuisha si ile aliyoihubiri Paulo.

Kenya ilishuhudia zaidi ya hapo. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioelezwa kuwa walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kwa nje wale walionekana wanyenyekevu kupita kiasi: waliuza mali, walitii, hawakuuliza. Tatizo ni nani walimtii. Unyenyekevu wa yule mtoza ushuru ulimwinamisha mbele za Mungu na kumrudisha nyumbani kwake. Unyenyekevu wa Shakahola uliwainamisha watu mbele ya mtu mwenzao na haukuwarudisha nyumbani. Ni rahisi kuzichanganya hali hizi mbili ukiwa mbali. Mwenye kutazama sadaka inakwenda wapi, na mtoto mgonjwa anapelekwa wapi, hazimchanganyi hata kidogo.

Kwa karibu miaka 500 Wakatoliki na Walutheri walibishana hasa juu ya jambo hili, yaani mtu huokolewaje. Wazee wa Singida wanakumbuka enzi ambapo kijana wa usharika akimchumbia binti wa parokia ilikuwa kesi ya ukoo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Walikubaliana kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa ustahili wake, na kwamba matendo mema hufuata. Wamethodisti waliunga mkono mwaka 2006, na makanisa ya Reformed mwaka 2017. Tamko hilo halijasomwa sana vijijini, na haliwezi kulaumiwa kwa hilo. Limeandikwa na maprofesa. Lakini Dayosisi ya Kati ya KKKT na Jimbo Katoliki la Singida, lililoundwa mwaka 1972, zote mbili zina makao yake mji mmoja, na waumini wao huzikana, huchangiana harusi na huuguzana katika hospitali zilezile.

Msimu wa mikutano ya injili huja baada ya mavuno, wakati mifuko ina kitu na barabara za vumbi zinapitika. Msomaji atakayealikwa, awe Singida au kwingine, na aulize mambo mawili kabla ya kutoa nauli. Je, nitaruhusiwa kuendelea na dawa zangu? Je, asiye na senti ataombewa sawasawa na mwenye bahasha? Jibu moja likiwa hapana, basi abaki nyumbani na aombe hukohuko. Mungu anayehubiriwa Ruruma tangu 1911 hatozi kiingilio.